Maparachichi ya Kalunguta

Papa Kambale,

Nimeketi kwenye kiti chako hapa maktabani. Nakuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa wengine. Kile changu chenye mguu mmoja mfupi nimekirudisha dirishani. Sweta lako la kahawia bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulishusha. Asubuhi za Butembo ni baridi vilevile ulivyoziacha, na mara mbili nimelivaa. Unisamehe na hilo.

Nina jambo la kukulaumu na jambo la kuungama. Nitaanza na lawama, maana ndiyo imenikaa kooni tangu siku ya mazishi. Papa, kwa nini ulikufa na maneno yote ya siri kichwani?

Asubuhi ile ulisema kichwa kinakuuma, ukaomba chai. Chai ilipofika ulikuwa umelalia daftari, kalamu bado mkononi. Hospitalini wakasema ni tension, damu imepanda, na kabla ya saa sita tulikuwa tunatafuta gari la kukurudisha nyumbani Vulamba. Mimi nililibeba daftari lako kifuani kama mtoto, nikidhani nimebeba kila kitu.

Na kweli, kila kitu kilikuwamo, isipokuwa kimoja. Kila hazina ya vitabu na majarida ya mtandaoni ina ukurasa wake: tuliiomba kwa nani, ilifunguliwa lini, inafungwa lini, nani wa kuandikiwa ikisumbua, nini kinaruhusiwa kupakuliwa na nini cha kusoma tu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kuna alama ya miezi mitatu kabla ya mwisho, siku ya kuanza kuomba upya. Ulinifundisha kwamba kitabu cha karatasi ukishakiweka rafuni kinatulia, lakini hivi vya mtandaoni havitulii, ni vya kutunzwa kila siku kama wagonjwa. Ndiyo sababu kila Jumatatu tulikuwa tukipita mlango kwa mlango, tunabonyeza kuona kama bado unafunguka. Wewe ukasema, "Kavira, kuya tupige hodi." Hata leo sijui neno jingine la kazi ile. Wakubwa wanaandika maneno marefu kwenye ripoti, mimi naandika: Jumatatu, hodi zimepigwa.

Lakini maneno ya siri hukuyaandika. Nilikuomba mara ngapi? Ukacheka, ukajigonga paji la uso kwa kidole: "Mot de passe hapana ya kuandika mu cahier. Inakaa mu kichwa." Haya, kichwa chenyewe kiko wapi sasa?

Baada ya matanga niliendelea kupiga hodi peke yangu. Milango ilifunguka kwa sababu muda wake haukuwa umekwisha, nikajidanganya kwamba itaendelea hivyo. Alama yako nyekundu ya hazina kubwa, ile yenye majarida ya kilimo na ya tiba, ilikuwa imefika. Niliiona. Lakini barua za kukumbusha zilikuwa zinaingia kwenye anwani yako, na sikuwa na namna ya kuifungua. Basi nikafanya la busara, nikawaandikia wale wa mbali, wenye hazina hiyo, kutoka anwani yangu, kwa Kifaransa kizuri, kwamba msimamizi wetu amefariki na mimi ndiye nimebaki.

Walijibu kwa upole sana. Walitupa pole, kisha wakaeleza kwamba kwa usalama wetu wenyewe, taarifa ya kubadilisha msimamizi lazima itoke kwenye akaunti ya msimamizi aliyepo. Niliisoma mara tatu. Maana yake ni kwamba wewe ndiwe uliyetakiwa kuwaandikia kwamba umekufa. Nilicheka, Papa. Nilicheka peke yangu hapa ofisini mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko.

Jumatatu iliyofuata nilipiga hodi, mlango haukufunguka.

Sasa hapa ndipo pa kuungama. Sikumwambia mtu. Mkuu wa masomo alipouliza nikasema ni intaneti. Wanafunzi walipouliza nikasema ni intaneti. Wenzao walioko Beni walipopiga simu nikasema, mvumilie, connexion ni mbaya huku. Unajua kwa nini? Aibu tu. Miaka yote nimekaa pembeni yako, watu wananiita mrithi wako, na sasa nikawaambie kwamba sijui hata ufunguo ulikuwa unauweka wapi?

Wengine waliweza kusubiri. Katungu hakuweza. Unamkumbuka Katungu wa Beni, yule mwembamba mwenye maswali mengi, anayeandika kazi yake ya kumaliza masomo juu ya ugonjwa unaokausha migomba. Ulimwahidi makala zote alizoorodhesha. Ulisema wazazi wake wamekata shamba zima, huyu msichana haandiki kwa kutafuta sifa. Alinipigia kila baada ya siku mbili, ananiita Yaya kama dada yake mkubwa. Mwishoni akasema, "Yaya Kavira, connexion gani hii ya kukufa majuma tatu?" Nikamjibu kwa ukali, mimi, kwamba asinifundishe kazi. Siku ya kuweka kazi mezani ikampita. Kulikuwa na nafasi inamngojea kwenye shirika moja la wakulima, ila walitaka diploma, na walipoona haijulikani ataipata lini wakamchukua mwingine.

Hilo ni langu. Si la tension yako wala la wale wa mbali. Ningesema ukweli siku ya kwanza, angetafuta njia nyingine.

Wiki ile ile nilianza kujaribu kuufungua mlango kwa nguvu. Kwenye ukurasa wa kuingilia kuna sehemu ya aliyesahau neno la siri. Unabonyeza, inakuuliza swali ulilolichagua mwenyewe siku ya kujiandikisha. Swali lako lilikuwa: jina la mtoto wako wa kwanza. Chini yake wameandika kwamba unaruhusiwa kujaribu mara tano, ukikosea zote akaunti inafungwa kabisa.

Nilishukuru Mungu kwa sauti. Swali rahisi namna hii! Mji mzima unakuita Papa Kambale, baba yake Kambale. Nikaandika Kambale. Hapana. Nikafikiri ni herufi kubwa, nikaandika kwa ndogo. Hapana. Nikaweka na jina lake la ubatizo. Hapana. Jasho likaanza, na unajua hapa ofisini hakuna anayetokwa jasho. Nikafikiri labda ulimhesabu binti yako mkubwa, nikaandika la kwake. Hapana. Ikabaki mara moja.

Nikazima kompyuta, nikakaa siku mbili bila kuigusa.

Siku ya tatu nikaenda Vulamba. Mama Kambale alikuwa uani anachambua maharage, na Kambale mwenyewe alikuwa anatengeneza kiti. Walidhani nimekuja kuwaangalia tu, wakaniletea chai. Niliinywa yote kwanza. Kisha nikasema kilichonileta, nikasema vibaya, nikaanza na mashine na akaunti na wale wa mbali, mama akawa ananitazama tu. Nilipofika kwenye swali, na kwamba nimeandika Kambale na mashine imekataa, mikono yake ikaacha maharage.

"Weye ni Munande ao hapana?" akaniuliza. "Kambale anakuwaka wa kwanza tangu lini?"

Papa, nilitamani ardhi inimeze. Mimi ninaitwa Kavira. Masika wetu yuko, ni mkubwa wangu, ananigombeza hadi leo. Kila mtoto wa kwetu Wanande anajua majina yanakwenda kwa zamu ya kutoka tumboni, na kwamba Kambale ni mvulana wa pili. Mbele yake lazima kuna mwingine: Paluku, au Mumbere, au Nzanzu. Ukimsikia mtu anaitwa Kambale, umeshasikia kwamba ana kaka. Lakini tumekuita Papa Kambale miaka yote, na wewe ukaitika kila mara, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza yule wa mbele yuko wapi. Siku ya mazishi mchungaji alihesabu watoto watano. Nilimwona Mama akiinua kichwa kidogo, kisha akakiinamisha. Nilidhani ni uchovu.

Kambale hakushtuka. Aliendelea na kiti chake, akasema bila kutugeukia, "Mama, umwambie tu."

"Alikuwa Paluku," Mama akasema. "Alikuwa ameanza kutembea. Akapata surua, na sisi tulikuwa mu kukimbia vita. Tulimuzika Kalunguta, nyuma ya kanisa, chini ya avoka. Hapana msalaba, hapana nini. Tulikuwa na haraka."

Kalunguta.

Papa, sasa nikueleze nilivyokuwa nikikucheka. Kila Ijumaa ulikuwa unafunga ile diski kwenye mfuko wa plastiki, unaifunga tena kwenye kitambaa, unapanda pikipiki ya Jérémie kwenda Beni. Kule umeme na intaneti ni bahati nasibu, kwa hiyo yale yaliyoruhusiwa kupakuliwa ulikuwa unawapelekea mkononi. Kila mara Jérémie alisema mmesimama njiani, Kalunguta. Nikikuuliza, ulisema unakwenda kuangalia avoka. Nikakutania mbele ya watu: Papa Kambale, Butembo nzima imejaa maparachichi, wewe unayafuata Kalunguta? Na hurudi hata na moja! Ile mara moja niliyosafiri nawe ulitoweka nyuma ya kanisa, ukarudi na vumbi magotini. Nikakwambia, "Lazima mti huo ni mkali, umekupigisha magoti." Ukacheka. Ulicheka kweli, nakumbuka. Ulipataje nguvu ya kucheka?

Nililia pale uani, Mama akaniacha nilie. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Donc ile machine inajua jina yake?"

Nikamwambia ndiyo, Papa aliliandika mwenyewe.

Akasema jina hilo halikuwahi kuandikwa popote. Cheti hakuna, karatasi ya hospitali ilipotelea njiani, kaburi halina kibao. Hata kwenye Biblia ya nyumbani, ukurasa wa watoto unaanza na Kambale, kwa sababu Biblia hiyo mliinunua baadaye, na siku ya kuijaza hakuna aliyeweza kuanza. Akasema labda mashine ya wale watu ndiyo mahali pekee duniani.

Nimefikiri sana juu ya hilo. Sisi tuliokaa nawe, tuliokula nawe, hatukukuuliza. Ikakuuliza mashine, kwa swali la kawaida linaloulizwa watu wote, nawe ukaijibu ukweli. Ungeweza kuandika Kambale, ingekubali tu, haijui lolote. Lakini hukumruka mtoto.

Nilirudi ofisini asubuhi iliyofuata, nikaandika herufi sita, mara ya tano. Nikaandika L mbili, nikafuta, nikaanza upya. Mlango ukafunguka.

Niliwaandikia kutoka akaunti yako. Sikujifanya wewe, usiogope. Niliandika: msimamizi amefariki, anayeandika ni msaidizi wake, kwa ruhusa ya mkewe. Safari hii walikubali. Majarida yamerudi, muda umeongezwa, na Jumatatu milango yote imeitika. Nimeandika kwenye daftari.

Lakini kabla sijaondoka Vulamba siku ile, nikiwa nimeshamweleza kwamba akaunti itapita kwa jina langu, Mama alinifuata hadi njiani. Alinishika mkono, akasema, "Na sasa mutamufuta?"

Ndivyo kazi ilivyo, wewe ndiye uliyenifundisha. Msimamizi akibadilika, kila kilicho chake kinaondolewa: anwani, neno la siri, swali na jibu lake. Na jibu lililosikiwa na watu watatu si siri tena, ni la kubadilishwa siku hiyohiyo. Nilimwambia nitaona. Hilo si jibu, naye alijua.

Nilipofika kwenye kitufe cha kufuta nilikaa nacho tangu saa mbili mpaka wenzangu walipotoka kwenda kula. Sijawahi kuogopa kitufe namna hiyo. Mwishowe nikabonyeza. Nilimfuta mtoto wako, Papa. Ungefanya hivyohivyo, nakujua, ungebonyeza kisha ukatoka nje kutazama mikaratusi. Mimi nilichukua diski.

Unakumbuka ukiichomeka kwenye kompyuta jina lake linatokea pembeni? Lilikuwa "Disque 1", kama ilivyotoka dukani. Nikaibadilisha jina. Nikaandika Paluku. Sasa kitivo kimetupa na ya pili, ya akiba, yenye kila kilichomo kwenye ya kwanza, na hiyo nimeiita Kambale. Nilimpigia Kambale kumwomba ruhusa. Akasema, "Donc mimi njo copie?" Nikacheka, naye akacheka, na hakuna kati yetu aliyeharakisha kukata.

Ijumaa nilipanda pikipiki ya Jérémie. Barabara ilikuwa tulivu wiki hiyo, ya nyuma yake hapana, kulisikika risasi, tulisubiri. Kalunguta nilimwambia asimame. Jérémie hakuuliza. Mti wako upo, umebeba hadi matawi yanainama, na chini yake kuna mahali palipofagiliwa na mtu kwa muda mrefu, ambapo majani sasa yameanza kuota. Nikayang'oa. Sikujua niseme nini, nikasema tu kwamba wewe huji tena, kwamba nimetumwa. Nilirudi na vumbi magotini, Jérémie akatazama pembeni.

Beni nilimtafuta Katungu kwanza. Nilimwambia yote: kwamba haikuwa intaneti, kwamba nilidanganya, kwamba nilimfokea kwa sababu alikuwa anasema kweli. Alinisikiliza amekunja mikono. Akasema, "Ungetuambia tu, Yaya. Tungetafuta wote." Hakusema amenisamehe. Alichukua diski, akanakili makala zake, akanirudishia kwa mikono miwili kama wafanyavyo wenye heshima, akaenda zake. Atatetea kazi yake kikao cha pili. Ile nafasi haitarudi.

Kuna jambo moja nimekuasi, na sitaomba radhi. Maneno yote ya siri nimeyaandika. Yako kwenye bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mkuu wa masomo, moja kabatini, hazifunguliwi bila watu wawili. Kichwa ni mahali pabaya pa kuweka vitu, Papa. Vinaondoka nawe. Swali langu jipya na jibu lake viko humo pia, nawe huambiwi.

Jana Mama alikuja hapa, mara yake ya kwanza tangu msiba. Alikaa kwenye kile kiti changu cha mguu mfupi, akatazama sweta lako, hakuligusa. Simu yangu ikalia, nikaiweka sauti ya juu kwa sababu mikono yangu ilikuwa na gundi. Alikuwa mwanafunzi mmoja wa Beni, simfahamu hata kwa sura, ana haraka kama wote. Hakusalimu vizuri. Aliuliza tu:

"Yaya, Paluku ameshafika?"

Mama aliweka kiganja mdomoni. Mimi nikajibu kwamba bado, atakuja Ijumaa, anapita Kalunguta kwanza.

Nakuahidi atakuwa anapita. Barabara ikiruhusu, kila Ijumaa, nami nitashuka na kung'oa majani. Jumatatu nitapiga hodi. Na Mama ameomba Biblia ya nyumbani iletwe kwangu, kwa kuwa anasema mwandiko wangu ni mzuri. Juu ya Kambale kumebaki nafasi ya mstari mmoja.

Pumzika, Papa Paluku.

Ni mimi, Kavira wako wa maktaba.